Mwenye Ngiri, Kisu cha Tabibu na Dawa za Miti

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, akampa mwili uwe ni amana mikononi mwake, na Siku ya Kiyama atamwuliza aliufanyia nini. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na Sahaba zake wote.

Amma baad. Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi hapa Eastlands tumeulizwa suala ambalo tumeona halitoshi kujibiwa mbele ya watu wachache walioketi juu ya jamvi. Yafaa liandikwe, liwafikie na ndugu zetu walioko Mombasa, Malindi na Lamu, kwani maradhi haya hayachagui mji.

Muulizaji ni mtu wa makamo, mchukuzi katika soko la Gikomba. Ametokwa na uvimbe kinenani; akisimama hutokeza, akilala hurudi ndani. Wanawe wamwambia aende hospitali akapasuliwe. Ami yake amwambia: "Kisu cha nini, na hali Mtume ametuachia asali na habba soda?" Na mganga mmoja amemtisha kuwa mwenye ngiri akipasuliwa huwa si mume tena. Basi auliza: "Jee, nikikubali kupasuliwa nitakuwa nimepungukiwa na tawakkul? Na nikitumia dawa za miti peke yake, nitakuwa nimekosa?"

Ndugu zangu, jawabu la suala hili halianzi katika vitabu vya fiqhi. Laanza katika kujua maradhi yenyewe ni nini, kwani wanazuoni wetu wametufundisha kwamba hukumu juu ya kitu hufuata kukijua kitu hicho. Na makosa mengi tuyaonayo katika jambo hili hayatoki katika uchache wa imani. Yatoka katika kutojua.

Tumbo la mwanadamu ni kama mfuko, na ukuta wa mfuko huo ni nyama na utando mgumu. Ngiri ni pahali palipolegea au palipoachana katika ukuta huo, hata utumbo au mafuta ya ndani yakapenya na kutokeza chini ya ngozi. Wanaume huipata kinenani zaidi kuliko wanawake, kwa sababu njia iliyopitiwa na korodani kushuka kabla ya kuzaliwa huacha udhaifu pale. Kisha huzidishwa na kila kinachosukuma tumbo kwa nguvu: kuinua mizigo mizito, kikohozi cha muda mrefu, kujikamua chooni, na kwa wazee kujikamua wakati wa kukojoa. Atakayeketi asubuhi moja pale Gikomba akatazama watu wanavyobeba marobota ya mitumba, au wanavyosukuma mikokoteni iliyojaa viazi, hatauliza tena kwa nini maradhi haya yamejaa mitaani mwetu.

Yafaa pia tutenganishe majina, maana sisi watu wa pwani tumeyachanganya. Mtu akiumwa na kiuno husema ana ngiri; akipungukiwa na nguvu za kiume husema ni ngiri; akivimba korodani husema ni mshipa. Busha si ngiri. Busha ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani, na katika pwani yetu, kuanzia Kwale na Kilifi hata Tana River na Lamu, mara nyingi limetokana na vijidudu vya matende vinavyoenezwa na mbu, wala halitokani na kunywa madafu kama wazee wetu walivyodhani. Nalo likiwa kubwa hutibiwa kwa kupasuliwa vile vile. Mwenye uvimbe hawezi kujua kwa macho yake ni lipi kati ya hayo. Na muuza dawa atoaye chupa moja kwa maradhi yote matatu yeye mwenyewe hajui.

Sasa tufikiri, kwani Mwenyezi Mungu ametupa akili ili tuitumie. Ikiwa ngiri ni tundu, dawa inywewayo italiziba vipi? Mchukuzi ajua kuliko mimi: robota likipasuka hushonwa. Hakuna aliyelipaka mafuta, wala aliyelifukiza ubani, likajifunga lenyewe. Asali ni kweli ina ponyo. Hilo limo ndani ya Qurani katika Sura An-Nahl, wala Mwislamu halitilii shaka. Habba soda imesifiwa katika hadithi iliyo sahihi. Lakini wanazuoni, na katika wao Al-Khattabi, wameeleza kwamba sifa ile, ijapokuwa tamko lake ni la kila maradhi, yakusudiwa maradhi ambayo tabia yake yaafikiana nayo. Hakuna katika Maimamu aliyesema kuwa mfupa uliovunjika uachwe bila kufungwa, mgonjwa anyweshwe habba soda.

Wala hatusemi kuwa dawa za miti hazina kazi. Mwenye ngiri akila papai na mboga asifunge choo, akatibu kikohozi chake, akapunguza unene, atakuwa amejipunguzia msukumo juu ya lile tundu. Hayo ni mema, na tabibu naye atamwambia hayo hayo. Lakini kupunguza msukumo ni jambo moja, na kuziba tundu ni jambo jingine. Ngiri ya mtu mzima haijifungi kwa dawa ya kunywa, wala ya kupaka, wala kwa mkanda.

Huenda mtu akasema: "Mbona mtoto wa fulani alikuwa na ngiri ya kitovu, akafungwa hirizi, ikaondoka?" Twajibu: ngiri ya kitovu ya mtoto mchanga iko mbali na ngiri ya kinena. Nyingi katika hizo hujifunga zenyewe mtoto afikapo miaka minne au mitano, awe amevishwa hirizi, au amefungwa sarafu juu ya kitovu, au hakufanyiwa lolote. Mwenyezi Mungu ndiye aliyeifunga kwa kumkuza mtoto, kisha mwenye hirizi akapokea sifa na fedha. Na kwa sifa hiyo hiyo baba wa mtoto naye amwendea na ngiri yake ya kinena, isiyojifunga kabisa. Na ngiri ya kinena ikimtokea mtoto mdogo, huyo apelekwe hospitali upesi, kwani kwake hatari ya kubanwa ni kubwa zaidi.

Ama kuhusu sheria, haya ndiyo tuliyoyapata kwa wakubwa wetu. Mabedui walimwuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea na dawa, isipokuwa uzee. Hadithi hiyo ameipokea Abu Dawud kutoka kwa Usama bin Sharik. Na yule aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga kwa kumtegemea Mungu, Mtume alimwelekeza amfunge kwanza ndipo ategemee. Basi kujitibu hakuondoi tawakkul, bali ni kumfunga ngamia.

Na kisu jee? Ndugu zangu, katika Sahihi ya Muslim imepokewa kutoka kwa Jabir kwamba Mtume (S.A.W.) alimpelekea Ubayy bin Kaab tabibu, na tabibu yule akamkata mshipa kisha akapachoma kwa moto. Ubayy ni katika wasomaji wakubwa wa Qurani miongoni mwa Sahaba. Ikiwa kusomewa peke yake kulitosha kwa kila maradhi, nani alistahili kutoshelezwa na kisomo kuliko yeye? Na aliyempelekea tabibu ni yule aliyeteremshiwa Qurani yenyewe. Kwa hiyo atakayesoma Fatiha juu ya mgonjwa amefanya jema, na atakayempeleka kwa tabibu amefanya jema. Mwenye kuyagombanisha mambo haya mawili ndiye aliyekosea.

Tena tujiulize: ni nani katika sisi wanaume ambaye hakupitiwa na wembe siku ya kutahiriwa? Hijama, inayosifiwa na hao hao wakataao upasuaji, ni nini ila kuchanja ngozi na kutoa damu? Na hapa Pumwani, katika hospitali ya wazazi iliyoanzishwa mwaka 1926, ni mama wangapi wa Kiislamu waliopasuliwa wakatolewa watoto wakiwa hai? Hatukusikia mtu akisema mama huyo amekosa tawakkul. Basi kwa nini kisu kiwe halali kwa mkewe, kisha kiwe ni upungufu wa imani kwake yeye?

Na anayedhani kuwa upasuaji ni jambo la Wazungu tu, ajue kuwa Abul-Qasim Az-Zahrawi, Mwislamu wa Andalusia aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliandika kitabu kikubwa cha tiba cha sehemu 30, na sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, na ndani yake ameeleza matibabu ya ngiri na kuchora vyombo vya kazi. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, na matabibu wa Ulaya wakasoma kwacho kwa karne nyingi. Baadaye wao wakaendeleza. Mwishoni mwa karne ya 19 Edoardo Bassini wa Italia alionyesha namna bora ya kuushona ukuta wa kinena, na katika miaka ya 1980 ikaenea njia ya kutia kipande cha wavu laini juu ya tundu ili ngiri isirudi. Na jirani zetu wa Uganda wametuonyesha kuwa jambo hili si la matajiri peke yao: katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016, wanaume 302 wa mashariki ya Uganda walipasuliwa, baadhi yao wakatiwa wavu wa bei kubwa na wengine wavu wa bei ndogo wa namna ya chandarua, uliosafishwa kwa kazi hiyo. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu. Wachukuzi na wakulima kama sisi walirudi katika kazi zao.

Hata hivyo haki yataka isemwe yote. Kupasuliwa kuna hatari zake: kidonda chaweza kuingia usaha, damu yaweza kuvuja, wachache hubakiwa na maumivu kinenani kwa muda mrefu, na kwa nadra korodani ya upande ule hudhurika. Asemaye kuwa hakuna hatari kabisa amedanganya. Lakini ile habari ya kuwa kila apasuliwaye hupoteza uanaume wake haina asili. Wengi hufanyiwa kwa ganzi ya pahali tu au ya uti wa mgongo, bila ya kulazwa usingizi, na hurudi majumbani mwao siku ile ile au ya pili yake.

Na haki yataka isemwe vile vile kwamba si kila mwenye ngiri ni lazima apasuliwe leo. Katika Amerika ya Kaskazini walichunguzwa wanaume 720 wenye ngiri isiyowasumbua sana, wengine wakapasuliwa na wengine wakaambiwa wangoje chini ya uangalizi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006: waliongoja, chini ya watu wawili katika kila elfu kwa mwaka ndio waliopatikana na kubanwa kwa ghafla. Lakini walipofuatwa hata miaka 10, watu 68 katika kila 100 wa waliongoja walikuwa wamekwisha kupasuliwa, wengi wao kwa sababu ya maumivu. Basi mwanamume asiyeumwa, aliyepimwa na tabibu akaambiwa angoje, na akangoja huku akiangaliwa, hana lawama. Wanawake wasilifanye hili kipimo chao, kwani uvimbe wa kinenani kwa mwanamke hubanwa kwa wepesi zaidi. Wala kungoja kwa namna hii si kule kwetu. Kwetu sisi mtu hungoja kwa mganga, huku akiendelea kubeba marobota na uvimbe ukikua, hata usiku mmoja ubanwe.

Na kubanwa huku ndiko tukuogopako. Utumbo uliotokeza ukishikwa na mdomo wa tundu, damu haiupiti, na kwa saa chache tu waweza kufa. Alama zake kila nyumba izihifadhi: uvimbe uwe mgumu na usirudi ndani, maumivu makali, kutapika, tumbo kujaa, choo na upepo kutotoka, na ngozi ya pale kugeuka rangi. Akionekana na alama hizo, mgonjwa asikandwe kwa nguvu, asichanjwe chale juu ya uvimbe, asinyweshwe dawa ya kuharisha, wala asingojewe hadi asubuhi. Aondolewe saa ile ile, awe ni wa Kayole apelekwe Mama Lucy Kibaki, au popote penye chumba cha upasuaji kilicho karibu. Saa hiyo hapana hiari tena. Mwenye kumzuia mgonjwa huyo asiende, kwa kusema aletwe kwanza mtu wa kupiga ramli atazame nyota, amesaidia katika kumwangamiza, na Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizo.

Abu Dawud amepokea kisa cha mtu aliyepasuka kichwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana, na hali hawajui. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika, akawahisabu wao kuwa ndio waliomwua, akafunza kwamba dawa ya ujinga ni kuuliza. Wenzake wale hawakuwa wabaya, walitaka kushika dini. Lakini walitoa fatwa juu ya mwili wa mtu bila ya ujuzi, na mtu akafa. Ami anayemzuia mwana wa nduguye kwa jina la Sunna na akisome kisa hiki mara mbili.

Na nyinyi mnaobandika vikaratasi juu ya nguzo za stima kuanzia Shauri Moyo hata Dandora, mkidai kutibu ngiri, mapenzi, kesi na biashara kwa dawa moja, mkajiita masheikh, mcheni Mungu. Imepokewa kwamba mwenye kujifanya tabibu na hali hajulikani kwa utabibu, ni mdhamini wa alichokiharibu. Atalipa hapa, na kama hakulipa hapa atalipa kule.

Yamebaki mambo mawili yanayowazuia watu kwa haki, nayo yataka majibu.

La kwanza ni ibada na sitara. Kufunua uchi mbele ya tabibu kwa dharura kwafaa, kwa kadiri ya haja. Na mgonjwa akitaka tabibu wa kiume hana aibu kuomba. Bandeji iliyo kinenani haigusi udhu, kwa kuwa kinena si kiungo cha udhu. Akipatwa na janaba, katika madhehebu yetu ya Shafii ataosha palipo pazima, atapakaza maji juu ya bandeji, na atatayamamu. Na asiyeweza kurukuu na kusujudu kwa maumivu, ataswali kwa kuketi, na akishindwa ataswali kwa ubavu. Imran bin Husayn alikuwa na bawasiri, akamwuliza Mtume, akapewa ruhusa hiyo hiyo. Wala asiache kuswali.

La pili ni fedha, na hapa lawama ni yetu sote. Tangu Oktoba 2024 bima ya SHA imechukua mahali pa NHIF. Aliye na afya na ajiandikishe leo, asingoje mpaka alale kitandani. Lakini bima hailishi watoto wa mchukuzi aliyekatazwa kuinua mizigo kwa wiki nne au sita. Nasi ni hodari wa kuchanga! Mtu akifa, kwa siku moja zapatikana fedha za turubai, za mchele na za ng'ombe wa khitma, na walioshindwa kumchangia kitanda akiwa hai huja kula pilau akiwa maiti. Jee, Mtume alitufunza hivyo? Mazoea aliyotufunza ni kuwapelekea chakula wafiwa, sisi twakila chakula chao. Rai yetu ni kwamba kila msikiti wa mitaa hii, na kila darsa, uwe na sanduku la wagonjwa, na fedha ya kwanza imwendee mchukuzi aliyengojea kupasuliwa kwa kuwa hana wa kumlishia wanawe.

Ewe ndugu yetu uliyeuliza, hili ndilo jawabu lako. Nenda kwa tabibu akupime, umwulize wazi: Jee, hii ni ngiri kweli? Naweza kungoja, au nisingoje? Nitatiwa wavu? Gharama ni ngapi, na nitarudi kazini lini? Muulize Mola wako pia kwa swala ya istikhara, bila ya kungoja ndoto, kwani istikhara ni dua, si ramli. Kunywa asali yako ukipenda, na wanao wakusomee Fatiha. Ami yako mheshimu, umweleze kwa upole habari ya Ubayy, na umwombe akusindikize. Kijana wa zamani akishika mkono wa mgonjwa mlangoni mwa hospitali, hilo nalo ni dawa. Ukikubali kisu kwa shauri la mjuzi hukupungukiwa na tawakkul. Na ukiacha matibabu yanayojulikana kuwa ni ya maradhi yako, ukashika yasiyoyafaa kwa kumwogopa mganga, hapo ndipo tunapokuogopea.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amponye yeye na kila mgonjwa wetu, awajaze matabibu ujuzi na huruma, na atuepushe na kufutu tusilolijua. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.